Leso Mbele ya Nahodha

Mama mkwe wangu aliamini kwamba watu wasiopika mboga hawawezi kuwa na hadithi ya maana. Aliolewa na mwalimu aliyekuwa akiwafuata mabaharia wa nyota, wale wa kipindi cha televisheni, tangu enzi za kanda za video, akazaa naye, akachuma naye chai, akaimba naye kwaya ya kanisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona hata mmoja wa mabaharia hao akimenya ndizi. "Hawa wanakula dawa," aliniambia wiki yangu ya kwanza pale Birongo, kwa sauti ya mtu anayemsengenya jirani. "Dawa tu, asubuhi na jioni. Halafu unashangaa kwa nini hawacheki."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nilikuwa nimeolewa juzi tu kutoka upande wa Nyamira. Sikuthubutu kumwambia kwamba mimi na kaka yangu tulikulia ndani ya chombo cha mabaharia hao hao, na kwamba tuliwahi kupigana ngumi kuhusu nani awe nahodha na nani awe injini. Wala sikumwambia kwamba siku ya harusi, wakati mchungaji akieleza wajibu wa mke, mimi nilikuwa nikijiuliza kama huko niendako kuna televisheni.

Ilikuwako. Mume wangu, ambaye hufanya kazi Nakuru na ambaye hadithi za anga humpa usingizi, alikuwa amewanunulia wazazi wake televisheni pana kama mlango, nao wakaiweka sebuleni na kuifunika kitambaa cha kufuma. Jioni moja nilikuwa jikoni nikichambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, niliposikia muziki wa mwanzo wa kipindi. Mikono ilisimama yenyewe. Nilichukua birika la chai ambayo hakuna aliyeiagiza, nikaingia nalo sebuleni. Baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa la Waadventista, mtu ambaye nadhani hata mbwa wake walijua kupanga foleni, alikuwa ameketi mbele ya skrini huku akitikisa mguu kwa raha.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Sisi Wagusii tuna chinsoni, yaani sheria za kuoneana haya, na zinazobana kuliko zote ni zile za baba mkwe na mke wa mwanawe. Yeye haingii nyumbani kwangu. Akiwa na shida husimama uani akakohoa mpaka nitoke. Mimi naingia kwake, lakini kwa adabu, na siketi karibu naye. Kumsalimia, sawa. Kumwambia maji ya kuoga yako tayari, sawa. Kumtania, kumbishia, au kuwa naye mahali ambapo mambo ya mwili yanatajwa, hapana. Wengi wa rika langu huyacheka mambo haya, hasa wakishafika mjini. Mzee hakuyacheka hata kidogo, na mimi nilimheshimu kwa hilo, ingawa ulimi uliniwasha.

Uliniwasha kwa sababu mzee alikuwa anakosea. Kile kipindi cha zamani kilikuwa kimekwisha vibaya, kwa namna iliyowagawanya mashabiki wake dunia nzima. Nahodha mzee, ambaye tulimfuata tangu akiwa na nywele nyeusi, alibaki peke yake kwenye mwezi wa mbali kwa sababu mashua ya mwisho ilikuwa imejaa. Aliwapungia mkono wenzake, skrini ikawa nyeusi, basi. Je, alikufa au aliokoka? Mimi nilikuwa wa upande wa wafu. Jioni ile, wakirudia sehemu hiyo, mzee aliiambia televisheni kwa uhakika wa mtu anayesoma matokeo ya mtihani, "Huyu hakufa."

Nikaguna. Sikukusudia, mguno ulitoka wenyewe.

Mzee hakugeuka. Alimuuliza mkewe, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni akichagua maharagwe, "Mama, huyo wa Nyamira ameguna nini?" Aliuliza kwa Kiswahili. Nyumba nzima iliongea Kigusii, lakini televisheni ikiwashwa mzee alihamia Kiswahili, kwa sababu alishikilia kwamba mambo ya anga hayajapata maneno yake kwa Kigusii.

"Umeguna nini?" mama mkwe akaniuliza.

"Mwambie tata kwamba kule mwezini hakukuwa na hewa," nilisema, maana tata kwetu ni baba. "Asingeishi hata wiki."

Mama mkwe alinitazama mimi, akamtazama mumewe aliyekuwa karibu kiasi cha kupokea chumvi kutoka mkononi mwangu, akarusha harage bovu dirishani. "Anasema kuni imeisha," akatangaza.

Sote tulikuwa tumesikia nilichosema. Adabu ilitaka tuwe hatujasikia. Mzee alifikiri kidogo, kisha akajibu lile la kweli: "Mwambie kulikuwa na mitungi ya hewa. Kwenye ghala. Kama aliangalia vizuri aliiona."

"Anasema kesho asubuhi uende utafute kuni," alisema mama mkwe.

Na kesho yake asubuhi nilikwenda kutafuta kuni.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mzee alituma hoja kuhusu mitungi, nikapokea amri ya kupiga deki. Nilituma hoja kuhusu baridi ya mwezini, mzee akaambiwa kwamba banda la kuku linavuja na mkaza mwana wake amelalamika. Mjumbe wetu hakuchukua hata senti, lakini nyumba ile haikuwahi kuwa safi namna hiyo. Mzee na mimi tulijua, naye alijua kwamba tunajua, na hakuna aliyethubutu kusema, maana kusema kungekuwa kukiri kwamba mkwe na mke wa mwana wamekaa sebule moja wakibishana.

Mimi sikukua na baba. Kwetu Nyamira tulilelewa na mama, na sikuwahi kubishana na mwanamume mzima anayenisikiliza mpaka nimalize. Mzee yule alinisikiliza. Wakati mwingine alinyamaza siku mbili, kisha akiwa uani akifunga kamba za viatu akamwambia mkewe kwa sauti ya kufika jikoni, "Ile ya baridi, nimeifikiria. Ana hoja." Mama mkwe akapaza sauti: "Anasema maziwa yapelekwe mapema!" Nami jikoni nilikuwa natabasamu kama mjinga. Nje ya kile kipindi, maneno yetu yote yalikuwa umeamkaje na chai iko tayari. Bila kipindi kile ningebaki na mkwe tu, na nilikuwa nimeshaonja kuwa na baba.

Basi habari zikaja kwamba kuna mfululizo mpya. Chombo kipya, nahodha mpya, na ahadi kwamba hatimaye mtu atatumwa kwenye ule mwezi.

Katika duka la vifaa vya ujenzi ninakofanya kazi, mjini Kisii, nilikuwa nauza misumari nikiwa nimeweka simu kwenye ndoo ya bawaba. Kundi letu la mashabiki lilikuwa linachemka kabla hata ya kitu chenyewe kuonekana. Mwendesha boda mmoja wa Ogembo, ambaye hatujawahi kuonana naye lakini namjua sauti kuliko binamu zangu, alituma ujumbe akiwa barabarani, upepo ukivuma: "Wamechora hiyo chombo kama thermos. Mimi siwezi panda kitu kama hiyo." Muuguzi mmoja akamjibu kwamba hakuna aliyemwalika apande. Mwingine akajitoa kundini kwa hasira, akarudi baada ya chakula cha mchana.

Nyumbani, mzee alinyoa nywele.

Kulikuwa na tatizo moja. Sehemu mpya ilikuwa inatolewa Ijumaa jioni, na Ijumaa jua likizama Sabato imefunguliwa. Televisheni inavikwa kitambaa chake, na nyumba inaingia katika maombi mpaka jua la Jumamosi lizame nalo. Mimi nilizaliwa Mkatoliki, nikahamia Sabato pamoja na masanduku yangu. Kaka yangu kule Nyamira bado ni Mkatoliki, tena wa aina mbaya. Ijumaa ile mchana alinipigia. "Dada, leo usiku mimi naona. Kesho nakutumia kila kitu, mpaka rangi ya soksi ya nahodha."

"Ukinitumia nitamwambia mama ni nani alivunja redio."

"Hiyo redio ni ya zamani!"

"Mama bado anaitafuta."

Hata hivyo sikumwamini. Kabla ya jua kuzama nilizima simu kabisa, nikaiweka kabatini chini ya mashuka. Mama mkwe aliniona. Jioni ile katika maombi ya kufungua Sabato alimshukuru Mungu kwa machozi kwa ajili ya mkaza mwana aliyetoka mbali katika mambo ya dini na ambaye leo, bila kuambiwa na mtu, ameiacha dunia na simu yake. Mzee alisema "Amina" nzito kidogo kuliko kawaida. Nilikuwa nimefumba macho, lakini nilijua kabisa kwamba yeye ameelewa.

Jumamosi tuliifunga Sabato kwa wimbo, na sijawahi kusikia wimbo wa kufunga ukiimbwa haraka vile. Nikawasha simu, nikaigawia televisheni bando langu, mzee akakaa kitini pake, mimi kwenye meza ya chakula nyuma pembeni, mama mkwe na ungo wake katikati.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Nahodha mpya alikuwa mwanamke, na mzee, ambaye niliogopa atanuna, alisema tu, "Mwambie huyo wa Nyamira, huyu anasimama vizuri." Nilipewa habari kwamba sufuria ya maziwa haijaoshwa. Chombo kikaondoka. Kwa kweli kilifanana na thermos. Nahodha akaingia chumbani kwake kupumzika, daktari wa chombo akabisha hodi, na nikawaza kwamba sasa watajadili ramani.

Hawakujadili ramani.

Ieleweke kwamba katika kipindi cha zamani, kwa miaka yote ile, hakuna aliyemshika mwenzake hata mkono, isipokuwa kumtoa shimoni. Ndiyo maana kiliweza kuonekana sebuleni kwa mzee wa kanisa. Na sasa mbele yetu, kwa upana wa mlango, kulikuwa na mabega mawili yasiyo na nguo, mgongo mmoja, na sauti ya daktari ambaye hakuwa akitibu mtu. Nikitoka, nimekiri kwamba nimeona. Nikikaa, nimekiri kwamba ninaendelea kuona. Mzee alikauka kitini kama aliyeitwa jina na polisi. Kisha akakohoa, akamwambia dari, "Ng'ombe analia," akainuka akatoka kwa mlango wa mbele.

Ng'ombe hakuwa analia. Nami nilishukuru kupata nafasi, nikasema kuna nguo kwenye kamba, nikachomoka kwa mlango wa jikoni. Nje giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Nilizunguka nyumba kwa haraka nikielekea mahali pekee ambapo nilidhani hakuna mtu, nyuma ya zizi, na kwenye kona ya zizi nikamgonga baba mkwe kifuani kwa kichwa changu.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Tulikuwa tumekimbia aibu ya kuyaona yale pamoja, tena mke wake akiwapo, tukaangukia aibu ya kusimama gizani peke yetu. Kugusana kwenyewe ni mwiko. Mzee aliruka nyuma akakanyaga ndoo. Mimi niligeuka nikaukimbilia mgomba. Ng'ombe, aliyekuwa amelala kwa amani, sasa akaanza kulia kwelikweli.

Nilipojikaza na kurudi ndani, mama mkwe alikuwa amesogea mbele mpaka karibu na kioo. Ungo ulikuwa chini, maharagwe yametapakaa. Alikuwa hajui Kiingereza zaidi ya salamu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuhitaji mkalimani. "Kumbe hawa ni watu!" akaniambia, macho yanang'aa. "Kumbe wana damu! Hii mpya ndio tamu. Ile ya zamani ilikuwa ya nini?"

Mzee alirudi akiwa na tope kwenye suruali. Hakumtazama yeyote. Alizima televisheni, akaitandika kitambaa, akalainisha pembe zake zote. "Imekwisha," alisema. "Katika nyumba hii, imekwisha."

Kundini siku hizo watu walilia kwa sababu zao. Wa Ogembo alilia kuhusu thermos. Muuguzi alilalamika kwamba hakuna daktari mwenye muda namna hiyo zamu ya usiku. Mimi sikuandika kitu. Ningewaelezaje kwamba watu walioandika kile kipindi, huko waliko, wamenivunjia nyumba? Asubuhi mzee aliniambia umeamkaje, nikamwambia chai iko tayari. Jioni alisoma lesoni, lile somo la wiki la kanisa, akiwa amenipa mgongo. Sikugombezwa wala kuagizwa lolote kupitia kwa mtu yeyote. Maziwa nilipeleka mapema bila kusukumwa na mtu, nikiwa njiani nalia, na nikawaambia wanawake wa kule kwenye kituo cha maziwa kwamba ni mafua.

Kilichotuokoa ni tamaa ya mama mkwe. Jumapili ya pili alibisha kwangu mchana, akaingia na kukaa, maana yeye haoni haya ya kuingia. Akazunguka na salamu mpaka nikachoka. Mwisho akasema, "Hiyo simu yako. Inaweza kuonyesha wale watu?"

"Inaweza."

"Yule mama nahodha, na daktari. Nataka kujua kama daktari ameenda kwao kujitambulisha."

Nilimwekea simu kwenye meza ya jikoni. Nilijitolea kumtafsiria, akakataa akasema anaona. Mimi niligeukia kuosha vyombo kwa makusudi, mgongo kwake. Nilitaka kuona pamoja na mzee, kama bado iliwezekana. Kutangulia kungekuwa kumwacha nyuma. Jioni ile nilimsikia mama mkwe akimwambia mumewe chakulani, kama anayezungumzia bei ya ndizi, "Ile mwezi yako imeonekana. Iko kwa ramani."

Mzee alitafuna polepole. "Mwezi gani?"

"Si ile ya mwenye aliachwa."

Mzee akarudi kwenye ugali wake. Lakini kesho yake mzee aliondoa kitambaa kwenye televisheni ili, kwa maneno yake, kufuta vumbi. Alifuta mpaka jioni. Na mama mkwe akatoa hukumu: yeye atakuwa anatangulia kuona kila sehemu kwangu, Jumapili mchana. Jioni, kwenye televisheni kubwa, jambo baya likikaribia atasimama mbele na leso yake, ile kanga ya kujifunga, aitandaze mpaka lipite. "Mimi ni mzee," alisema. "Mimi nikiona hainidhuru."

Mpango ulifanya kazi vizuri ajabu. Alikuwa na leso pana, nyekundu na nyeusi, naye mwenyewe si mwembamba. Daktari alipoonekana tu mlangoni, mama mkwe aliinuka, akaikunjua kwa mikono miwili, akasimama akitazama nyuma ya leso peke yake, na sisi tukakaa tukisikiliza muziki. Hoja zikaanza kusafiri tena. Mzee aliona kasoro katika mitambo. Mimi nikaambiwa bafu lina utelezi.

Lakini madaraka ni matamu. Sehemu moja, katikati ya vita vikubwa, leso ilipanda ghafla.

"Nini sasa?" mzee akauliza.

"Wanabusiana."

"Nasikia mizinga!"

"Wanabusiana kwa nguvu." Akainua leso zaidi. "Ile paa ya banda ya kuku, fundi anakuja lini?"

"Jumanne! Atakuja Jumanne!"

Leso ikashuka. Vita vilikuwa vimekwisha. Nahodha alikuwa anafunga jeraha, na mzee hakuwahi kujua aliyeanza kupiga ni nani. Nilikuwa nimeinamia meza nikiuma kiganja nisicheke, na nikaona mabega ya mzee nayo yanatikisika.

Tulifika hivyo mpaka sehemu ya mwisho. Kundini walikuwa wameshaiona tangu Ijumaa na walikuwa wanalia au wanatukana. Mimi nilikuwa nimejitoa kwa muda nisije nikaona neno. Jumapili mchana mama mkwe aliitazama jikoni kwangu kama kawaida, mimi nikiwa kwenye karai. Ilipokwisha sikusikia kicheko. Nilipogeuka alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Ni moshi," akasema. Moto nilikuwa sijawasha.

Jioni aliketi mapema, leso imeshakunjuliwa mapajani. Nahodha mpya alishuka kwenye ule mwezi peke yake. Kumbe hewa ilikuwako: kulikuwa na upepo na vumbi la rangi ya majivu. Akapanda kilima kidogo, na ng'ambo yake tukaona kibanda cha mabati ya chombo, na mbele ya kibanda, mistari. Mistari ya kijani, iliyonyooka.

Mzee aliinuka nusu. "Amelima! Mama, mwambie huyo wa Nyamira, amelima! Hiyo ni mistari ya mtu!"

Mama mkwe hakuniambia kitu. Alisimama, akapandisha leso, na kwa mkono mwingine akabonyeza rimoti mpaka sauti ikafa.

"Nini?" mzee akauliza.

"Wanabusiana."

"Nani na nani? Amekuja peke yake!"

"Amepata mtu."

Pale nilipokaa, pembeni, leso haikufika. Niliona kiti mlangoni mwa kibanda, kimeelekezwa shambani. Aliyekalia kiti hicho alikuwa amekikalia miaka mingi. Koti la nahodha mzee lilikuwa limebaki na mifupa tu. Nahodha mpya alikuwa amepiga magoti, anavua koti lake amfunike. Nikamtazama mama mkwe. Hakuishusha leso. Hakukuwa na aibu yoyote ya mwili pale. Alichokuwa anaficha ni machozi ya mumewe, yasije yakaonwa na mke wa mwanawe, na nilimpenda sana kwa hilo, mjumbe yule mwongo.

Mzee aliketi tena. Halafu akasema, bila kumtuma mtu, "Wewe wa Nyamira."

Hakuwahi kuniita hivyo ana kwa ana. "Naam, tata."

"Unaona kutoka hapo?"

"Naona."

"Amekufa?"

Mama mkwe alinitazama juu ya leso akitikisa kichwa. Ningeweza kudanganya. "Amekufa, tata," nilisema. "Lakini si siku ile. Aliishi miaka. Alilima."

Leso ikashuka yenyewe. Mzee akatazama kile kiti, lile shamba, yule mwanamke aliyepiga magoti. Alivua miwani akalia bila kujificha, mbele yangu, na mama mkwe akaja akamkalia karibu wala hakunifukuza. Majina ya waigizaji yalipita kimyakimya mpaka yakaisha.

"Wameandika vibaya," mzee alisema mwishowe, sauti imekwaruza. "Mtu kama yule hafi amekaa."

"Hapana, tata," nikasema. "Wameandika vizuri."

Nilisikia nilichofanya. Mama mkwe alisikia; aliziba mdomo kwa kiganja. Mzee alivaa miwani yake, akaegemeza mkono kwenye mgongo wa kiti, na akageuka mzima mzima mpaka akanitazama usoni.

"Haya," alisema. "Nieleze, vizuri wapi?"